Mwaka Nilioujua Ukingo wa Meli

Walipolitoa jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani ya ile nyumba ya Pangani, na mimi nikashindwa kutulia. Nilikuwa nimepewa mahali pazuri kwenye mkeka, chini ya dirisha, mgongo umeegemea ukuta mnene wa chokaa ambao hata jua likiwaka haukosi ubaridi. Wenzangu walikuwa wakimsomea marehemu. Mimi, Mkristo wa Muheza niliyejitanda kanga ya kuazima, sikuwa na cha kusoma. Nikasimama, nikaenda uani walikokuwa wakipika, nikaambiwa, "Kaa, mama, wewe mgeni." Nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Nimezeeka na bado sijajua kukaa msibani. Marehemu alikuwa Bwana Mbaruku, karani mkuu wa ofisi ya uwakala wa meli nilikoanzia kazi Tanga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia nitakwenda kumwona mwezi ujao, kwa kuwa Pangani si mbali, na mtu hudhani kisicho mbali hakiondoki.

Wanaume waliporudi walikaa barazani kungoja chakula, na dirisha likaniletea maneno yao. Vijana wawili walikuwa wakizungumza. Mmoja alikuwa mjukuu wa marehemu. Mwingine, kwa jinsi alivyojieleza, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. "Hivi babu alikuwa anafanya nini hasa kule Tanga?" aliuliza mjukuu. "Mikataba ya meli, bwana. Wazee wa bandarini walikuwa wakimwita Bwana Ukingo." "Ukingo gani?" "Ukingo wa meli. Zamani mtu akiuza mzigo kwa FOB, hasara yote ni ya muuzaji mpaka mzigo uvuke ukingo wa meli. Ukishavuka, ukiharibika, ukizama, hasara ya mnunuzi. Siku hizi hakuna. Kanuni mpya zimeufuta, sasa mpaka mzigo ukae juu ya meli kabisa." "Basi babu kaondoka na ukingo wake." Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu, cha watu waliotoka kuzika. Nilitaka kutoka niwaambie kwamba babu yao alikuwa ameufuta ukingo huo kabla ya hao wenye kanuni. Lakini nani atoke matangani akasahihishe kicheko cha wafiwa? Nikakaa, safari hii kweli, sinia la wali likaja mbele yetu, na mwaka ule ukanirudia wote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Habari za wazazi wangu na za shule nitaziacha, hazina kazi hapa. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, katika jengo la zamani karibu na bandari, sakafu ya mbao inayolalamika kila ukipiga hatua, na feni moja ambayo Bwana Mbaruku alikataa iwashwe kwa sababu inapeperusha karatasi. Meza yake ilikuwa imegeuzwa kuelekea dirishani, naye aliiona ghuba yote. Wanaoijua Tanga ya leo, yenye kina kilichochimbwa na meli zinazofunga gatini, hawawezi kuiona ile. Wakati ule gatini maji yalikuwa haba. Meli kubwa zilitia nanga nje, na marobota ya katani yalishushwa kwanza kwenye matishari, yale majahazi bapa ya chuma yasiyo na injini, yakavutwa na boti hadi ubavuni mwa meli. Hapo winchi ya meli iliteremsha ndoano, ikayabeba marobota kwa kamba za kufungia, ikayapandisha juu, ikayavusha ukingo na kuyashusha tumboni mwa meli. Bwana Mbaruku alikuwa mtu mfupi, shati jeupe, kofia ya kazi ya mkono, sauti ya mwalimu wa chuo. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, binti," kisha akanisogezea mkataba wa kukodi meli, mnene kama kitabu cha nyimbo, akasema, "Hayo maneno kila moja lina nyumba yake. Usiniambie umelielewa kama hujaiona nyumba yake."

Nilipanga chumba Ngamiani kwa Mama Monika, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne na kuku wasiojua mpaka wa uani. Chumba cha pili kutoka changu walikaa Bakari na mkewe Mwanaidi, watu wa Ushongo. Bakari alikuwa kuli kwenye genge la matishari. Mwanaidi alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, na sare yake, ikianikwa, hakuna kuku aliyeruhusiwa kupita chini yake. Nyumba nzima ilijua hesabu yao: Bakari ashike kazi ya bandarini mpaka Mwanaidi amalize mafunzo. Akiipoteza kabla, wote wawili watarudi Ushongo, na hiyo sare itakuwa kitambaa cha kufutia taa. Mwanaidi mwenyewe alikuwa akisema hivyo huku akicheka, naye alikuwa hafanyi mzaha. Jioni tulikula pamoja uani, kila mmoja na bakuli lake, ila mchuzi ulizunguka. Mama Monika alikuwa akipika maharage na ndizi za kwao. Mwanaidi akileta mchuzi wa papa wenye nazi. Mimi nilileta mkate wa mofa wa kununua na maneno ya siku.

Maneno hayo hayakuniacha nikae. Bwana Mbaruku alinituma ufukweni Raskazone nikaitazame meli iliyokuwa imesimama nje tangu asubuhi, nikarudi mbio, nikamwambia meli imefika. "Haijafika," akasema bila kuinua kichwa. "Bwana Mbaruku, nimeiona kwa macho." "Umeiona. Haijafika." Kwa mkataba, alinieleza, meli haijafika mpaka iwe mahali palipokubaliwa, na nahodha awe ametoa taarifa kwamba yuko tayari kupakia, hapo ndipo siku za kupakia zinapoanza kwenda. Kabla ya hapo meli ni mandhari tu. Siku nyingine nilijifunza siku ya kazi yenye hewa njema. Katani haitaki maji, kwa hiyo saa za mvua hazihesabiwi. Wingu likitanda Bwana Mbaruku alitoa mkono nje ya dirisha, akangoja, tone likamwangukia, akasema, "Andika." Nilipomsimulia Mama Monika, alisimamisha mwiko. "Sasa hiyo mvua ya mkataba ni mvua gani? Kwetu Lushoto ikinyesha imenyesha, haiombi kuandikwa." Bakari akainua kikombe chake. "Dada Stela, hebu nisaidie. Hii chai imefika, au naiona tu?" Tukacheka mpaka kuku wakatawanyika. Nilicheka, lakini usiku ule nililala nikiwa na msisimko kama wa homa. Nilihisi kwamba nyuma ya mambo yote niliyokuwa nikiyaona kila siku kulikuwa na mambo mengine, yamepangwa, yana majina, na kwamba nikiyajua majina hayo nitaweza kutoka Tanga na kwenda popote. Nilikuwa nikitembea mjini bila safari. Nilikuwa nikipanda boti la makarani hata siku isiyo zamu yangu.

Neno alilolipenda Bwana Mbaruku kuliko yote lilikuwa ukingo wa meli. Hilo hakunituma kuliona, alinipeleka yeye mwenyewe hadi dirishani. "Sikiliza," alisema. Kulikuwa na meli ya katani ghubani, na upepo ulikuwa unatoka baharini. Kwa mbali, juu ya mngurumo wa winchi, nilisikia sauti za watu kwa pamoja, "Yamevukaaa!" Kisha kimya, kisha mngurumo tena, kisha, "Yamevukaaa!" Bwana Mbaruku aligonga meza kwa kalamu kila waliposema. Alinieleza kwamba zamani, alipokuwa karani kijana, makuli walikuwa wakigombana na mabaharia kila robota likichanika, kila upande ukisema si sisi. Siku moja akasimama juu ya sanduku pale gatini, akawafundisha. Muuzaji wa katani yuko hapa, mnunuzi yuko Ulaya, na mpaka wao ni ule ukingo. Mzigo ukishavuka si wetu tena. "Wakalishika somo," alisema, na macho yake yaling'aa. "Watu wasiojua Kiingereza, binti, wameshika kifungu cha mkataba wa kimataifa. Wakakifanya wimbo." Tangu siku hiyo hakuna serangi, yaani msimamizi wa genge, wala kuli aliyeanza kazi Tanga bila kufundishwa wimbo ule. Yeye hakuwa ameteremka kwenye tishari tena tangu apandishwe cheo. Magoti yalikuwa hayamruhusu ngazi za kamba. Alikuwa akiusikiliza kutoka dirishani, kama mwalimu anayesikiliza darasa la jirani likikariri somo lake.

Mimi nilikuwa nashuka. Ndiyo maana niliona ambacho yeye hakukiona, na kwa muda mrefu niliona bila kuelewa. Kwenye tishari kulikuwa na mtu wa kamba. Marobota yakipandishwa, kamba ndefu ilifungwa ubavuni mwa mzigo, naye aliishika kutoka chini ili mzigo usibembee. Alikuwa akiilegeza taratibu, taratibu, mikono imevikwa gunia, macho juu. Mzigo ukishapita juu ya ukingo, genge zima lilipiga kelele, "Yamevukaaa!" na mtu wa kamba alifungua mikono. Kamba ilichomoka ikapanda juu kama nyoka aliyekanyagwa. Wenzake walimpigia makofi kadiri alivyoiachia upesi. Kuchelewa kuachia kulikuwa ni ushamba. "Unang'ang'ania mali ya watu?" walimtania mgeni. "Mwachie Mzungu mzigo wake!" Bakari ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Mikono yake ilifunguka papo hapo na neno.

Siku ya ajali nilikuwa juu ya meli, karibu na ukingo, nikihesabu marobota. Upepo wa kusi ulikuwa umeamka mapema na mawimbi yalikuwa yakija ya ubavu, si makubwa, ya kutosha kuifanya meli itikise kichwa. Mzigo ulipanda, ukafika juu yangu, ukavuka. "Yamevukaaa!" Bakari akaachia. Mabaharia wa juu, ambao ndio waliopaswa kuidaka kamba, walikuwa hawajaifikia. Meli ikalala upande wa tishari, mzigo ukarudi nje kule kule ulikotoka, ukaupiga ukingo, kamba ya kufungia ikakatika, na robota moja likaanguka kwenye tishari. Nilisikia kishindo kabla sijasikia Salimu akilia. Salimu alikuwa kijana wa Pongwe, mcheshi, ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Robota lilikuwa limemlalia mguu. Walilinyanyua kwa mikono, wote, hata waliokuwa hawasemezani, na Bakari alikuwa amepiga magoti, anamshika Salimu kichwa, anarudia, "Yalikuwa yamevuka. Wallahi yalikuwa yamevuka."

Jambo la robota lilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Lilivuka, basi ni la mnunuzi; likaandikwa, likatiwa sahihi, na nahodha hakubisha. Jambo la mguu ndilo lililobaki. Salimu alilazwa, na daktari akasema mguu hautakatwa lakini hautanyooka. Nahodha alitaka kwenye taarifa yake jina la mtu aliyeachia kamba, ili ijulikane kwamba kosa lilitoka nchi kavu. Meneja wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa haraka, alitangaza kikao na kusema waziwazi kwamba mwenye kamba atatolewa kwenye genge, na kwamba hakuna wakala mwingine Tanga atakayemchukua. Nyumbani uani hakuna aliyekula. Mwanaidi alikuja na sufuria, akaiweka chini, akairudisha ndani kama ilivyo.

Kuta za nyumba ya Mama Monika hazikufika darini. Jioni ile niliwasikia, na sikuziba masikio. "Waambie nani aliwafundisha," alisema Mwanaidi. "Waambie genge zima linaachia hivyo." "Wataniuliza nani alianza." "Si umtaje!" "Nimtaje Bwana Mbaruku? Yule ndiye aliyenitafutia hiyo kazi, Mwanaidi. Ndiye aliyekuja Ushongo kwa baba yako, akakaa kwenye mkeka, akaniposea. Leo nikamwambie meneja kwamba yeye ndiye aliyemvunja Salimu mguu?" "Na mimi? Mimi nitamwambia nini mwalimu wangu pale chuoni?" Bakari akasema kwa sauti ya chini, "Yeye hajui. Hajui kama tunaachia kamba. Anasikia wimbo tu." Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, viatu mkononi, bila kujua nilitaka kwenda wapi. Nilivaa, nikatoka, nikatembea hadi barabara ya lami na kurudi. Mama Monika alikuwa mlangoni. "Stela, utachimba mtaro mtaa huu," akaniambia. "Kama una neno, lipeleke kwa mwenyewe. Neno halitembezwi kama mbuzi."

Mchana uliofuata Bwana Mbaruku alikuwa akila ofisini, kama kawaida yake: muhogo wa nazi ndani ya bakuli la bati, kipande cha samaki, karatasi zimesogezwa mbali na mchuzi. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilichosema kilikuwa kifupi. "Bwana Mbaruku, ule ukingo wa meli unawahusu akina nani?" Akafurahi kuulizwa. "Muuzaji na mnunuzi, binti. Hilo unalijua." "Hauwahusu wengine?" "Mkataba ni wa wawili." "Na mtu wa kamba?" "Mtu wa kamba ana nini na FOB?" Nikamwambia. Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa, kwa mpangilio: kamba inavyofungwa, genge linavyoimba, mikono inavyofunguka, wanavyomcheka anayechelewa, na kwa nini wanamcheka. Alikuwa ameinua tonge. Alilirudisha bakulini, si kwa ghafla, bali kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Akanawa mikono. Akauvuta mkataba, akanisogezea. "Nisomee kifungu cha ukingo." Nikasoma. "Endelea." Nikaendelea, kifungu cha kupakia, cha hewa njema, cha meli kuelea wakati wote, cha nahodha, cha wakala. Sauti yangu ilikauka. "Umeona mahali palipotajwa mtu wa tishari?" "Sijaona." "Hata mimi sijawahi kupaona," alisema. "Nimeusoma mkataba huu tangu wewe hujazaliwa, na sijawahi kujiuliza." Alivaa kofia yake, akashuka ngazi, na siku hiyo hakurudi. Kutoka dirishani nilimwona akitembea gatini, akienda mwisho, akirudi, akienda tena. Niliitambua tembea ile. Ilikuwa yangu.

Nimewahi kujiuliza, katika miaka mingi ya kusoma mikataba ya watu kwa mshahara, kama ningekuwa yeye ningefanya nini. Alikuwa amebakiza muda mdogo astaafu kwa heshima. Genge lisingemtaja, hilo alilijua. Meneja asingemshuku. Alitakiwa kukaa tu kwenye kiti chake na kuandika jina la Bakari mahali palipoachwa wazi. Na alikuwa anampenda Bakari. Lakini alikuwa analipenda pia lile somo, pengine zaidi, kwa kuwa lilikuwa ndilo jambo moja alilolifanya duniani ambalo watu waliliimba. Mtu anaweza kutoa mkono wake kwa ajili ya mwingine, na akashindwa kutoa sifa yake. Asubuhi ya kikao nilifika mapema kuliko wote, nikapanga viti, nikavipangua, nikavipanga tena.

Walikuja meneja, Mzee Jumbe ambaye ndiye serangi wa genge, Bakari amevaa shati la Idi, na Bwana Mbaruku wa mwisho. Meneja hakupoteza wakati. "Karani, mzigo ulikuwa wapi kamba ilipoachiwa?" Nikasema ulikuwa umeshavuka ukingo. "Na aliyeachia?" Nikasema ni Bakari. Ilikuwa kweli na nilitamani isiwe. "Mzee Jumbe, una neno?" Mzee Jumbe alikuna kidevu. "Mwenye kamba ni Bakari. Mwenye kosa mimi simjui." "Sijauliza kosa, nimeuliza jina." "Basi jina umepewa." Meneja akamgeukia Bakari. "Nani alikuambia uachie?" Bakari alitazama sakafu. "Hakuna mtu, bwana." "Uliamua mwenyewe?" "Niliamua mwenyewe." Nilimtazama Bwana Mbaruku. Alikuwa ameshika kalamu, karatasi ya taarifa iko mbele yake, na kwa muda ule niliamini ataandika. Alikuwa akiitazama sehemu iliyoachwa wazi kama mtu anayetafuta njia ya kuizunguka.

"Anasema uongo," alisema. Sauti haikuwa ya mwalimu. "Aliambiwa. Wote waliambiwa, na waliokuwa kabla yao. Niliwaambia mimi." Meneja alicheka kwa mshangao. "Bwana Mbaruku, wewe hukuwepo. Ulikuwa hapa dirishani." "Naam, nilikuwa dirishani, nikifurahi." Akaeleza. Hakujipamba na hakujipiga kifua. Alieleza kwa utaratibu, jinsi alivyowafundisha mpaka wa wafanyabiashara na wao wakaufanya mpaka wa kazi, na kwamba mtu aliyefundishwa hivyo, akiachia kamba, anatii. "Ukitaka jina la kumpa nahodha, andika Mbaruku. Bakari umrudishe kwenye kamba, kwa kuwa hakuna mwenye mikono kama ile." Bakari akasema, "Baba, usi—" na Bwana Mbaruku akamkata. "Nyamaza wewe. Nilikuposea mke, sikukuposea uongo." Hata meneja alishusha macho. Baadaye alimwambia, kwa upole niliokuwa sijawahi kuusikia kutoka kwake, kwamba nahodha hatakubali taarifa hiyo bila ofisi kuchukua hatua, na kwamba hatua hiyo lazima imguse aliyetajwa. Bwana Mbaruku alisema alikuwa ameshafungasha. Bakari alibaki kwenye genge. Salimu, alipotoka hospitali, alipewa kazi ya ghalani, ya kukaa. Hakuitaka, akaichukua, na hakuanzisha wimbo wowote tena.

Meli iliyofuata ilifika, kwa maana zote za neno, asubuhi isiyo na upepo. Bwana Mbaruku alikuwa na safari ya Pangani siku hiyo, lakini aliomba kwanza azungumze na genge, na meneja akakubali. Alisimama pale gatini chini, bila sanduku. Watu walikuwa wamekaa juu ya marobota, wengine bado wanamalizia chapati zao. "Ule ukingo," alisema, "ni wa watu wawili walio mbali. Mmoja ana ofisi, mwingine ana kiwanda. Wanagawana hasara kwa karatasi. Nyinyi hammo." Mzee Jumbe akasema, "Hatumo, lakini miguu yetu imo," na baadhi wakacheka, si wote. "Ndiyo," alisema Bwana Mbaruku. "Ndivyo nilivyotakiwa kuwaambia tangu mwanzo. Kamba mtaishika mpaka mzigo ulale tumboni mwa meli. Si mpaka uvuke. Mpaka ulale." Kijana mmoja akauliza, "Sasa tukishika mpaka huko, tutapiga kelele gani?" Lilikuwa swali la kweli, watu hawanyanyui uzito mkubwa kimya. Bwana Mbaruku alitikisa kichwa. "Hilo sitawafundisha," alisema. Bakari alikuwa akijiviringishia gunia mikononi. "Tutalijua hukohuko," akasema, na wakaingia kwenye boti.

Sikuwa na zamu, nilibaki naye gatini. Begi lake lilikuwa chini, kati yetu. Boti liliyavuta matishari mpaka yakafika ubavuni mwa meli na watu wakawa wadogo, hutambui nani ni nani. Winchi ikaanza kunguruma. Tuliuona mzigo wa kwanza ukipanda, ukifika juu, ukivuka. Hakuna aliyepiga kelele. Katika maisha yangu yote sijasikia kimya kirefu kama kile, na ghuba nzima ilikuwa wazi kukileta. Nilitaka kusema kitu, nikataka kutembea. Bwana Mbaruku alinishika mkono wa gauni, bila kunitazama, kama mtu anayemzuia mtoto barabarani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mzigo ukatoweka nyuma ya ukingo. Mngurumo ukapungua, ukapungua, ukakoma. Kisha tukaiona kamba, imelegea, ikirudi chini polepole mikononi mwa mtu.

"Umelala," alisema Bwana Mbaruku, akaniachia, akaokota begi lake.